Kwa Nini Ufagio Ulipewa Pointi Katika Ligi ya Mathare

Katika ligi ya watoto ya Mathare, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, timu ingeweza kuwacharaza wapinzani wake wote na bado isiwe bingwa. Ushindi uwanjani ulileta pointi 3. Siku ya usafi, timu iliyozibua mitaro ikakusanya takataka mpaka kazi ikakamilika ilipata pointi 6. Mshambuliaji hodari ambaye timu yake haikushika sepetu na reki aliishia kuwatazama wenzake wakibeba kombe.

Mimi hufundisha katika taasisi inayoandaa maafisa wa maendeleo ya jamii, na kila mwaka somo la miradi ya vijana nalianza na hesabu hiyo. Wanafunzi hucheka kwanza. Baadaye huanza kubishana, na hapo ndipo somo linapoanza.

Chama chenyewe ni Mathare Youth Sports Association, MYSA, kilichoanza mwaka 1987. Mwanzilishi wake, Bob Munro, alikuwa Mkanada aliyefanya kazi za mazingira na Umoja wa Mataifa. Watoto wa mtaa walikuwa wakicheza mpira wa makaratasi ya plastiki uliofungwa kwa kamba, kandokando ya marundo ya taka ambazo hakuna gari lililokuja kuzoa. Walitaka mipira halisi, waamuzi na ratiba. Wakapewa, kwa sharti moja: mtaa ukikupa kitu, nawe uupe kitu. Mwaka 1992, wakati wa mkutano mkuu wa mazingira mjini Rio de Janeiro, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikitunuku chama hicho tuzo ya Global 500. Klabu ya mpira ya watoto wa mabanda ilituzwa kwa kuzoa taka.

Sisi wataalamu tuna neno moja ambalo ningependa litoke kwenye ripoti zetu: walengwa. Anayelengwa kazi yake ni kusimama tu. Kijana aliyekulia Mathare, Kibera au Korogocho amehesabiwa mara nyingi kama tatizo, na mara nyingine kama mpokeaji wa msaada, lakini ni mara chache mtu amemtegemea. Ligi ile ilimtegemea. Asipofika Jumamosi, wenzake kumi walikosa pointi, nao walijua nyumba yao ni ipi na wangekuja kubisha mlango.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni namna karo ilivyopatikana. MYSA ilikuwa na tuzo za uongozi. Kijana alijikusanyia alama kwa kufundisha timu ya wadogo zake, kwa kuwa mwamuzi, kwa kusimamia usafi, na kadhalika. Waliokusanya nyingi walilipiwa karo, na fedha zilikwenda shuleni moja kwa moja. Linganisha na fomu ya basari, yaani msaada wa karo, tuliyoizoea. Fomu ile inamtaka mtoto athibitishe dhiki yake: cheti cha kifo cha mzazi, barua ya chifu, sahihi ya mchungaji au imamu, maelezo ya kwa nini mama hana kazi. Mtoto hujifunza mapema kwamba anayejua kueleza shida vizuri ndiye anayepata. Alama za uongozi zilimuuliza swali jingine: umefanya nini?

Hapa naomba nisieleweke vibaya. Chakula, matibabu na usalama wa mtoto havipaswi kusubiri pointi. Mtoto anayeuguza mzazi usiku kucha hana nguvu za kushinda shindano lolote, na mradi unaogeuza kila msaada kuwa zawadi utawaacha nje walio chini kabisa. Nimeketi katika vikao ambavyo wadhamini walifurahia picha za vijana wachangamfu waliovaa fulana mpya, na hakuna aliyeuliza kuhusu wale ambao hawakuweza kutoka nyumbani siku hiyo.

Mara nyingi wasioweza kutoka ni wasichana. MYSA iliingiza mpira wa wasichana katika programu zake mwaka 1992, na wazazi wengi hawakuona maana yake. Ndiyo, ulikuwepo mtazamo kwamba mpira ni wa wavulana, lakini kizuizi kikubwa kilikuwa saa. Msichana alipaswa kuchota maji, kupika na kumbeba mdogo wake mgongoni, na jua likitua njia za mabandani si za kupitia peke yako. Kumhubiria mama kuhusu haki hakumpunguzii ndoo hata moja. Kinachosaidia ni kupanga mechi mapema, kumkubali msichana afike uwanjani na mtoto anayemlea, na kumtuma mkufunzi akazungumze na mama nyumbani kwa heshima. Ratiba isiyojali saa za maji ni ratiba ya wavulana, hata kama bangoni imeandikwa “vijana wote”.

Jambo la pili ambalo miradi mingi hulikosea ni adhabu. Kijana wa mazingira magumu huwa ameshafukuzwa mahali: shuleni kwa karo, nyumbani na baba wa kambo, kibaruani kwa kuchelewa. Mradi ukimfukuza kwa kosa la kwanza, anaongeza tu mlango mmoja kwenye orodha. Katika ligi ya Mathare, mchezaji aliyetolewa kwa kadi nyekundu alirudi uwanjani kwanza kama mwamuzi wa mechi za watoto. Mtu aliyemfokea refa wiki iliyopita sasa anafokewa yeye, tena na watoto wa miaka kumi! Kulikuwa pia na kadi ya kijani kwa aliyeonyesha uungwana. Adhabu ilimweka karibu na mradi badala ya kumtoa.

Watu wengi huijua Mathare kwa sababu ya Mathare United. Timu hiyo ilizaliwa ndani ya MYSA mwaka 1994, ikatwaa Kombe la Moi Golden mwaka 1998, na mwaka 2008 ikawa bingwa wa ligi kuu ya Kenya. Ni hadithi tamu, na wafadhili huipenda. Kwa maoni yangu, tukiupima mradi wa vijana kwa nyota waliopanda ndege kwenda Ulaya, tunapima jambo dogo. Maelfu waliopita pale hawakucheza ligi kuu popote. Waliondoka wakijua kuendesha kikao, kuandika kumbukumbu zake na kutatua ugomvi kabla haujafika kwa chifu, kwa sababu kamati za ligi ziliongozwa na vijana wenyewe, wengi wao kabla hawajafika umri wa kupiga kura. Tena, kwa kuwa mkazi wa mabandani mara nyingi hana mtu wa kumwandikia barua ya kumdhamini kazini, mkufunzi aliyemwona miaka mitano mfululizo anaweza kuiandika kwa dhamiri safi.

Umri wa miaka 18 huleta mahitaji mengine. Katiba ya Kenya ya 2010 inamtambua kijana kuwa mtu aliyetimiza miaka 18 lakini hajafika 35, na inaitaka serikali imwezeshe kupata elimu, mafunzo na ajira. Mfuko wa Maendeleo ya Biashara za Vijana ulianzishwa mwaka 2006, Mfuko wa Uwezo ukafuata mwaka 2013, na asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Milango ipo. Tatizo ni kwamba kijana asiye na kitambulisho cha taifa haingii hata mmoja, na wapo wanaokikosa kwa sababu tu cheti cha kuzaliwa hakikuwahi kuchukuliwa. Ndiyo maana katika miradi mingi niliyoitembelea kazi yenye manufaa kuliko semina yoyote ni ya mtu mzima anayemsindikiza kijana kwa chifu, kisha ofisi ya usajili, na kurudi naye tena anapoambiwa “njoo kesho”.

Kuhusu mikopo nina ushauri mmoja tu. Kikundi kilichoundwa kwa ajili ya mkopo huvunjika siku mkopo unapoingia. Kile ambacho tayari kinazoa taka nyumba kwa nyumba, kinasimamia choo cha kulipia au kinaosha magari, na kimekwisha kugombana na kupatana kuhusu pesa ndogo, kina nafasi nzuri zaidi ya kuhimili pesa kubwa. Afisa asiulize kwanza mpango wa biashara. Aombe kuona kitabu cha michango cha miezi sita iliyopita, pamoja na kurasa zilizofutwafutwa.

Mzazi anayefikiria kumpeleka mwanawe kwenye mradi wa mtaa ana haki ya kuuliza maswali, hata kama huduma ni ya bure. Nani watu wazima wanaobaki na watoto, na nani aliwachunguza? Je, mtu mzima huruhusiwa kukaa faragha na mtoto mmoja? Safari za mashindano nje ya mji huongozwa na nani, na wasichana hulala wapi? Mradi mzuri hautakasirika. Ukiona mtoto amedhuriwa au ukishuku hivyo, piga 116, nambari ya bure ya kuwasaidia watoto nchini Kenya, au fika kwa afisa wa watoto aliye karibu nawe. Usisubiri kamati ya mradi ikae.

Ukitaka kuupima mradi kwa siku moja, usiende siku ya wageni. Nenda Jumanne alasiri, omba daftari la mahudhurio, na utafute jina lililokuwa likitiwa alama kila wiki kisha likakoma. Muulize mkufunzi ni nani aliyekwenda kwao kumtafuta, na alimkuta katika hali gani.