Luanda Magere si hadithi ya watoto

"Hiyo ni ya watoto." Ndivyo wanavyoniambia vijana wengi hapa Kisumu nikiwatajia Luanda Magere. Waliisikia shule ya msingi, wakaiacha hukohuko. Lakini tuikumbuke ilivyo: shujaa wa Kijaluo wa Kano, karibu na Kisumu, ambaye mwili wake ni jiwe, mkuki haumwingii. Maadui zake Wanandi wanamwoza binti yao ili aipeleleze siri yake. Siku moja Magere anaugua, anamwambia binti achanje kivuli chake na kukipaka dawa. Damu inatoka kivulini, na usiku binti anatoroka kupeleka habari kwao. Vitani Wanandi wanakichoma kivuli, na Magere anakufa na kugeuka jiwe. Ndoa iliyogeuzwa silaha ni jambo la watu wazima kabisa.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba hadithi hii inafunza kuwa mwanamke haaminiki. Nimeisikia ikisimuliwa hivyo hata matangani. Hebu ifuate tena polepole. Binti hakujichagulia safari ile, wazee wake ndio waliomtuma. Kwa Wanandi yeye ndiye aliyewaokoa jamaa zake. Na katika masimulizi mengi, wazee wa Kano walimwonya Magere asimwoe, akakataa. Yote haya yamo ndani ya hadithi yenyewe. Msomaji wa leo haongezi kitu, anasimama tu pale msimuliaji alipopita haraka.

Wengine hudhani kuna simulizi moja sahihi na nyingine zote zimeharibika. Hapana, kila msimuliaji huipa uzito wake. Jiwe alilogeuka Magere ni lilelile, huko uwanda wa Kano, na wawindaji walikuwa wakinoa mikuki juu yake.

Hadithi zilizoandikwa nazo zimeonewa. *Kusadikika* ya Shaaban Robert, nchi inayoelea angani, wengi huisoma kama ngano tu. Ilitoka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza na mwandishi akiwa mtumishi wa serikali hiyohiyo. Ndani yake Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Ukiujua mwaka huo, utaelewa kwa nini nchi hiyo iliwekwa mbali hivyo na ardhi.

Eti Kiswahili cha Shaaban Robert hakisomeki? Yapo maneno ya kutafuta kwenye kamusi, ni kweli. Ila yule alikuwa mshairi, na sentensi zake zinataka sauti. Nilimsomea binti yangu kwa sauti jioni baada ya jioni. Kamusi tuliifungua mara chache, na tulipofika Karama anaposimama kujitetea, hakutaka tulale.