Damu ya kisanamu si nyekundu tu

Wengi wanaopaka rangi visanamu vya askari huamini kwamba damu ni nyekundu inayowaka, basi. Si ajabu: ikichuruzika, ndivyo inavyoonekana. Lakini haikai hivyo. Ikikauka, madini ya chuma yaliyo kwenye himoglobini (kitu kinachoipa damu wekundu wake) huoksidika, yaani hubadilishwa na oksijeni ya hewani, na rangi huelekea hudhurungi, karibu na kutu. Mng'ao nao hufifia. Kwa hiyo upanga uliotoka vitani jana upake nyekundu iliyochanganywa na hudhurungi; vanishi ya kung'aa iachie jeraha bichi. Matone? Chovya mswaki mkuukuu rangini, upitishe kidole kwenye nywele zake (tandika gazeti kwanza, hurukia meza nzima). Siku ukichinja kuku, dondoshea karatasi nyeupe tone moja, ulitazame tena kesho yake.