Tukuyu: ijue volkano kwanza, vivutio vitaeleweka vyenyewe

Wengi wakija Tukuyu wanapiga picha Daraja la Mungu, wanachungulia Kijungu, halafu huyoo wanarudi Mbeya. Mimi kazi yangu ni jiolojia na huwa naumia nikiona hivyo, maana vyote vile ni stori moja tu ya volkano na ukishaishika hiyo stori matembezi yanakuwa matamu kweli.

Anzia darajani. Lava ilishuka ikafunika bonde la mto Kiwira ikapoa ikawa mwamba, maji nayo yakatafuta penye ulaini kwa chini yakala taratibu mpaka yakapenya, juu pakabaki daraja. Usogelee ule mwamba uuangalie vizuri, ukikuta vitundu vidogo vidogo ujue ni mapovu ya gesi yaliyonasa wakati lava inaganda. Kijungu ni mto huo huo, hapo maji yanazungusha mawe shimoni na mawe yanasaga mwamba, ndo maana shimo limekuwa duara vile.

Sasa kama miguu inaruhusu nenda Ziwa Ngozi. Lile ni kaldera, yaani volkano ililipuka, chini pakabaki patupu, kilele kikaporomokea ndani, baadaye maji yakajaa, na hakuna mto wowote unaotoka pale. Nenda kati ya Juni na Oktoba, asubuhi kabla ukungu haujafunga, kwasababu Tukuyu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka na ile njia ya msituni ikilowa ni utelezi mtupu, unapanda umeshika mizizi. Ziwa unaliona lote ukiwa ukingoni, kushuka mpaka majini sikushauri, mteremko ni mkali mno.

Kitu ambacho natamani kila mgeni aambiwe ni gesi. Huku wilaya ya Rungwe, ambamo Tukuyu ipo, kuna sehemu kaboni dayoksaidi inatoka ardhini mpaka leo, haina rangi wala harufu, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa inatulia kwenye mabonde na vishimo hasa siku isiyo na upepo. Ukikuta kishimo kina wadudu au ndege wamekufa usiiname kuangalia, mtoto usimwache asogee, ondokeni hapo. Na msituni jamani usiingie mwenyewe, chukua kijana wa kijiji cha jirani umlipe vizuri, wao wanazijua hizo sehemu moja moja.