C-130 Hercules: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Ni ndege ya zamani, haiundwi tena."
Ndege hii ya kijeshi ya mizigo iliruka mara ya kwanza tarehe 23 Agosti 1954, na bado inaundwa Marietta, Georgia, nchini Marekani. Zimeshatoka zaidi ya 2,500.

"Ina panga boi, kwa hiyo si injini ya jeti."
Panga boi linazungushwa na turbaini, gurudumu linalosukumwa na gesi ya moto kama kwenye injini ya jeti. Katika injini ya T56 ya toleo la C-130H, turbaini huzunguka mara 13,820 kwa dakika, na giaboksi huishusha kasi hiyo hadi 1,020 kwenye panga boi. Angani kasi hiyo haibadiliki. Rubani akitaka nguvu, mafuta huongezwa na mapanga hubadili pembe yakakamata hewa zaidi. Akishagusa ardhi huyageuza kinyume, yakasukuma hewa mbele na kuzipunguzia breki kazi.

"Kila kazi ina Hercules yake."
Zipo za aina hiyo: AC-130 yenye mzinga wa milimita 105 upande wa kushoto, LC-130 yenye skii za kutua kwenye theluji, WC-130J inayoingia ndani ya vimbunga kupima hali ya hewa. Lakini kwa kuzima moto wa misitu, mtambo wa MAFFS wenye tangi la lita 11,000 hivi huingizwa kwa mlango wa nyuma wa ndege ya kawaida ya mizigo, na humwaga dawa yote ya kuzuia moto kwa sekunde chini ya 5. Ukitolewa, ndege inarudi kubeba shehena.

"Chakula hakidondoshwi bila parachuti."
Nafaka ya msaada iliyopelekwa kusini mwa Sudan na Hercules kutoka Lokichoggio, Kenya, ilidondoshwa bila parachuti. Gunia huvishwa magunia mengine na halijazwi pomoni, ili punje zipate pa kusogea likipiga ardhi, lililoshindiliwa hupasuka. Rubani huinua pua, mzigo hufunguliwa, ukateleza wenyewe. Gunia la kilo 50 likimwangukia mtu humuua, kwa hiyo lazima eneo liondolewe watu kwanza.

"Haichakai."
Hii ndiyo dhana ya hatari. Umri wa Hercules hauhesabiwi kwa miaka, bali kwa saa za kuruka zilizozidishwa kulingana na ugumu wa kazi: saa moja ya kuruka chini chini na mzigo mzito hulichosha bawa kuliko saa moja ya safari tulivu. Jeshi la Anga la Marekani liliweka mipaka kwa sehemu ya kati ya bawa: ikifika saa 38,000 za hesabu hiyo, ndege huwekewa vizuizi; ikifika 45,000, hairuki. Mwaka 2002, karibu na Walker, California, C-130A ya kuzima moto ilikatika mabawa yote mawili ikimwaga dawa, na watu watatu waliokuwamo wakafa. Nyufa za uchovu wa chuma zilikuwa zimejificha chini ya bamba la kuimarishia, mahali ambapo ukaguzi wa macho haufiki. Bawa likishachoka kiasi hicho, kiraka hakitoshi: sehemu nzima ya kati hung'olewa na kuwekwa mpya.