Haidrofoili ya kwanza ya kupampu: tazama urefu wa bawa kabla ya ukubwa wake

Haidrofoili ni bawa linalofungwa chini ya ubao wa kuteleza mawimbini kwa nguzo iitwayo mlingoti; mwendo ukitosha, huuinua ubao juu ya maji. Ukitaka kupampu, yaani kuusukuma ubao kwa miguu juu na chini ili uendelee kusonga, kutoka wimbi moja hadi jingine, ushauri wa kwanza utakaopewa ni ununue bawa kubwa kuliko yote. Kweli, bawa kubwa hukuinua mapema, hata kwa kasi ndogo. Ila likiwa fupi na nene, mwendo hufa mara tu ukiacha kusukuma. Kinachokufikisha kwenye wimbi la pili ni mtelezo, na mtelezo hutokana zaidi na urefu wa bawa, ncha hadi ncha.

Piga hesabu kabla ya kulipa: zidisha urefu huo kwa wenyewe, kisha gawanya kwa eneo la bawa. Namba ikiwa kubwa, bawa ni refu na jembamba. Bawa la sentimita za mraba 1500 lenye urefu wa sm 90 hutoa 5.4, la eneo hilohilo lenye sm 110 hutoa takriban 8. La kwanza hugeuka kirahisi, lakini miguu itaisha nguvu njiani. Kwa anayejifunza napendekeza 7 hadi 8. Ukivuka 10, mtelezo ni mtamu mno, ila kasi ikishuka bawa hukutupa ghafla. Eneo lenyewe lifuate uzito: 1500 hadi 1700 kwa mtu wa kilo 75, karibu 1300 kwa wa kilo 60, na 1800 au zaidi kwa wa kilo 90.

Mlingoti wa sm 70 hadi 75 unatosha. Cha muhimu zaidi ni ugumu wake. Shika ncha ya bawa, upinde juu na chini: ukisikia tok-tok kwenye maungio, au ukiona mlingoti unajisokota, kila msukumo wako utapotelea humo. Kaboni ni ngumu na nyepesi. Alumini nene nayo haina ubaya, mradi upake grisi isiyoondoshwa na maji kwenye bolti, maana chuma cha pua na alumini vikikutana na chumvi huganda pamoja. Kaza bolti upya baada ya kutoka majini mara ya kwanza.

Weka mlingoti katikati ya reli, ile mifereji ya chini ya ubao unamofungwa. Pua ya ubao ikipanda na mguu wa mbele ukichoka kuikandamiza, rudisha mlingoti nyuma sentimita moja, ujaribu tena. Bawa la nyuma, lile dogo lililo nyuma ya bawa kuu, likiwa la sentimita za mraba 200 hivi hukupa utulivu. Dogo zaidi hupampika vizuri, lakini hilo lingoje.

Wengi hushindwa wakati wa kuliacha wimbi. Husubiri hadi kasi iishe, ndipo waanze kupampu, na hapo bawa limeshazama. Geuka ungali na kasi, panda hadi bawa libaki sm 20 au 30 chini ya uso wa maji, kisha pampu kwa misukumo mifupi yenye mdundo mmoja. Bawa likikaa chini sana, mlingoti wote uliozama unakukokota. Likitoka nje, hewa inaingia na unaanguka papo hapo.

Wimbi linalokuja mbele yako lina maji yanayopanda usoni mwake: litakuinua, kwa hiyo egemea mguu wa mbele. Ukishavuka kilele, maji yanashuka na bawa linazama nayo. Ongeza misukumo miwili mitatu ya haraka papo hapo, kabla ubao haujagusa maji.