Gitaa moja, mwangwi mwingi

Tangu mpiga gitaa wetu wa Mikindani atoe albamu yake ya kwanza bila bendi, naulizwa swali lilelile kila nikipita sokoni: "Fundi, huo muziki unaanza lini?" Mtu kasikiliza dakika nane, hajasikia ngoma wala sauti ya mtu, gitaa linazunguka tu. Mwezi ujao anapiga mbele ya watu na mimi ndiye nitakayekaa kwenye mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, kwa hiyo nieleze kabisa.

Kazi kubwa inafanywa na pedali ya mwangwi, kifaa cha kukanyaga kwa mguu. Anapiga noti, pedali inairudisha ikiwa imefifia kidogo, kisha inairudisha tena. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 500, yaani nusu sekunde. Mwangwi ukiwekwa hapohapo, kinachorudi kinalalia kinachopigwa. Ukiushusha hadi 375, yaani robo tatu ya pigo, noti zinazorudi zinajipenyeza katikati ya zile mpya, na mkono mmoja unasikika kama watu watatu. Mjerumani Manuel Göttsching, wa Ash Ra Tempel, bendi ya saikedeliki, yaani muziki wa kama ndoto za mtu aliyelewa, alijenga albamu nzima kwa njia hiyo mwaka 1975, Inventions for Electric Guitar. Ukiisikia utaapa kuna kinanda cha umeme. Hakuna.

Wanaonung'unika kwamba hakuna kinachobadilika nawashangaa, maana ni haohao wanaokesha kwenye ngoma za unyago. Kule pigo linazunguka mpaka miguu ijiendee yenyewe, na mpigaji akiongeza kofi moja tu, uwanja mzima unajua. Kijana wetu anafanya hivyohivyo, ila taratibu zaidi. (Na hapana, si lazima uvute kitu.)

Sasa onyesho. Tutapiga ndani ya nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe, yenye kuta nene za chokaa. Inapendeza kwa macho, lakini inanipa kazi, kwani chumba chenyewe kina mwangwi wake, nao haufuati hesabu ya pedali. Ikirundikana yote miwili unapata uji. Nitatandika mikeka, nitatundika mablanketi ukuta wa nyuma, na pedali nitaipunguza kuliko ilivyo kwenye albamu. Watu wakijaa watanisaidia, miili hunywa sauti, kwa hiyo saundi cheki ya chumba kitupu siiamini hata kidogo.

Kinachonikosesha usingizi hasa ni mvumo wa umeme. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde, na waya mbovu huvuma sana kwenye 100. Wimbo mrefu kuliko yote umekaa juu ya noti ya G ya chini, ambayo ni hezi 98. Sauti mbili zilizopishana hezi mbili hupigana: utasikia wimbi likipanda na kushuka mara mbili kila sekunde, na kwenye muziki mtulivu namna hii hakuna pa kulificha. Vifaa vyote vitachomekwa sehemu moja yenye ethi nzuri, yaani waya unaoingia ardhini. Ikishindikana, atakaza nyuzi kidogo mpaka G yake ifike 100, gitaa lifuate umeme.

Njooni mapema. Tukianza mlango unafungwa, kwa sababu kila anayeufungua anatuingizia bodaboda zote za barabarani.