Daftari lako la kila siku, na siku utakayolihitaji

Tangu tuanze zoezi la msaada wa kisheria, foleni kwenye ofisi yetu hapa Lamu imekuwa ndefu, na karibu kila anayeketi mbele yangu ana kauli moja: "Nakumbuka vizuri." Deni la mashine ya boti, mpaka wa shamba, masurufu ya watoto. Ukimuuliza tarehe, anakwambia ilikuwa kaskazi ya mwaka juzi. Kaskazi inavuma kuanzia Disemba hadi Machi, ndugu zangu. Hakimu atashika siku ipi?

Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja mvuvi na mkebe wa biskuti. Ndani mlikuwa na daftari la shule, limevimba kwa chumvi, kila siku mstari mmoja au miwili. "Jumanne. Kusi kali, hatukutoka. Nimempa fundi 3,000 ya mbao." "Mjukuu ana homa." "Leo nimekasirika bure." Hakuliandika kwa ajili ya kesi. Alianza baada ya mkewe kufariki, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno usiku. Nami nilipolisoma, mistari ya homa na hasira ndiyo iliyonifanya niiamini ile ya elfu tatu. Anayebuni deni hakumbuki kubuni na homa ya mjukuu.

Faida za nafsini za kuandika si fani yangu, ila zimechunguzwa. Mwaka 1986, James Pennebaker na Sandra Beall wa Marekani waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu kazi ya kuandika dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo. Walioandika yaliyowaumiza pamoja na walivyojisikia walitoka na huzuni zaidi siku hizo, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko walioambiwa waandike mambo ya kawaida. Aliyeelemewa kabisa amwone mshauri nasaha, daftari halitoshi.

Sasa sheria. Chini ya Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, shahidi anaweza kuangalia maandishi yake mwenyewe ili kujikumbusha, mradi aliyaandika jambo lilipotokea au muda mfupi baadaye, kumbukumbu ikiwa bado mbichi. Upande wa pili una haki ya kuonyeshwa maandishi hayo na kukuhoji juu yake. Kwa hiyo siri za ndani kabisa ziwekee daftari jingine. Lakini usilipukutishe hili la kila siku likabaki fedha tupu, maana litafanana na ankara.

Kuna mambo nimechoka kuyajibu. Hapana, daftari halihitaji muhuri wa wakili wala wa chifu. Hapana, si lazima Kiingereza: Ibara ya 7 ya Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi. Kina bibi wanaoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu waendelee vivyo hivyo. Itabidi tu maandishi hayo yageuzwe kwa herufi za Kirumi, kazi ya muda lakini si kosa. Ukiandika kwenye simu, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoeleza kifaa kilichotumika na jinsi nakala ilivyotolewa, na cheti hicho kitiwe saini na mtu anayehusika na kifaa hicho. Watu wengi huja na simu peke yake, kisha wakakasirika.

Kubwa kuliko yote: usinakili upya. Kuna aliyeniletea miaka miwili iliyoandikwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, bila kosa hata moja. Nilipouliza, akasema "nimesafisha" kwa kuwa la zamani lilikuwa chafu. La zamani alilichoma. Sikuona nia mbaya, lakini ningefanya nini nalo? Na mwenye nia mbaya ajue kwamba kutunga ushahidi ili kuipotosha mahakama ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, na kifungo chake hufika miaka 7. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya neno ili lisomeke bado, kisha endelea.

Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliagiza wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa athari za ujenzi wa bandari mpya ya Lamu. Fidia ya aina hiyo ikifika kwa mtu mmoja mmoja, swali ni lile lile: ulivua wapi, siku zipi, ukapata nini. Mali bila daftari hupotea bila habari, tunaliimba tangu utotoni, na bado watu wananijia na kaskazi ya mwaka juzi.

Maelezo haya ni ya jumla. Kila shauri lina yake. Ukija ofisini, lete daftari lenyewe, si picha yake, wala usichane ukurasa unaouonea haya. Jalada limeandikwa kurasa 96, nasi huwa tunahesabu.